Waya Nyeusi ya Meza ya Nne

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika waya nyeusi kwenye bodi ya umeme na haukutaka kuiacha. Nasema haukutaka, kwa sababu mimi nilitaka. Niliuambia achia, ukazidi kukaza. Meno yaliumana, sauti ikakwama kifuani. Bwana Wafula, mtahini, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, karatasi zangu mkononi, kalamu juu, akinitazama vile mwalimu anamtazama mtu aliyekwama kwenye swali. Alidhani natetemeka kwa kuogopa mtihani. Ogutu, fundi wa kituo cha mtihani, yule aliyeifunga hiyo bodi, alikuwa anakimbia kwenda mlangoni kutafuta ufunguo wa chumba cha swichi kubwa. Halafu sikuona mtu tena, mpaka kiti kiliponigonga mbavuni.

Kiti kile kilishikwa na msichana wa Awasi anaitwa Mercy, ambaye alikuwa amefelishwa kwenye meza hiyo hiyo, ya nne, kabla yangu. Hakunigusa. Alishika kiti cha mbao kwa miguu yake akanisukuma nacho mpaka nikaachana na bodi, nikaanguka kwenye simiti. Vijana, nyinyi mnaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya umeme, mkisahau mengine yote humu msisahau hili: mtu aliyenaswa haokolewi kwa mkono mtupu. Zima swichi. Kama hujui swichi iko wapi, tafuta mbao iliyokauka. Mercy alilijua hilo, na karatasi yake inasema hajui kitu.

Mimi naitwa Otieno, nakaa Obunga hapa Kisumu, nina miaka hamsini na mbili. Watu wananiita mstaafu. Mstaafu ninayemjua mimi huagwa kwa chai na mandazi, anapewa saa ya ukutani. Mimi niliagwa kwa bandeji. Vidole viwili vya mkono wa kulia havijikunji, na kidole gumba kinafanya kazi siku kinapopenda. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, na binti yangu Akinyi anasahihisha. Shule niliachia darasa la sita. Makosa mtakayoyaona ni yangu, lakini yale ya meza ya nne nitayagawa, kila mtu abebe lake.

Nianze na aliyenifundisha, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kosa lenyewe. Nyuma ya duka moja la vifaa hapa mjini kulikuwa na karakana ya Sardar Mohinder. Alikuwa Singasinga mnene mwenye kilemba cha buluu, na Kijaluo chake kiliwashinda wengi wetu. Mteja akija na maneno ya Kiingereza, Sardar alimgeukia kwa Kijaluo, "Omera, ndugu yangu, sema vizuri, hapa ni Kisumu." Alinichukua nikiwa sijui hata kushika bisibisi.

Somo la kwanza lilikuwa rangi. Wakati huo, kwenye umeme mkubwa, ule wa mashine za kusaga na za kupasua mbao, kulikuwa na waya tatu za moto: nyekundu, ya njano na ya buluu. Ya nne ilikuwa nyeusi, na hiyo haikuwa na moto. Ni waya ya kurudisha umeme, wenye vyeti wanaiita nyutro. Karakana yote hakuna aliyeiita nyutro. Tuliiita nyeusi. "Leta nyeusi." "Nyeusi imelegea." Hata mtu mpole asiyejua kugombana tulimwita nyeusi. Mchungaji wetu alikuwa nyeusi. Mke wa Sardar, yeye alikuwa nyekundu, na Sardar mwenyewe ndiye aliyesema.

Somo la pili lilikuwa taa. Sardar alinitengenezea taa yangu ya kupimia: balbu mbili zimefungwa kwa mfuatano, na waya mbili ndefu zenye ncha. Balbu mbili, kwa sababu ukigusisha waya mbili za moto kwa balbu moja, inapasuka usoni mwako. "Usimuulize mtu kama umeme umezimwa," aliniambia. "Mtu atakuambia anachoamini. Uliza taa." Na kabla ya kuiuliza taa, unaipeleka kwanza mahali unapojua pana moto, uone iko hai. Taa iliyokufa nayo inasema hakuna moto.

La tatu ni mkono. Waya usiyoijua huigusi kwa kiganja. Hata ukiwa na hakika, unaanza na mgongo wa vidole, kwa sababu umeme hukunja mkono. Ukigusa kwa mgongo, mkono unajikunja kuja kwako. Ukigusa kwa kiganja, unajikunja kwenye waya. Mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Sardar alikuwa anapita nyuma yetu na kijiti, ukiwa umeegemea chuma anakichapa kile kiwiko.

Msifikiri nilikuwa mwanafunzi mzuri. Sondu nilifunga mashine ya kusaga ya mama mmoja mjane, nikabadilisha waya mbili za moto mahali. Kwa mota hiyo haileti kifo, inaleta aibu, kwa sababu inazunguka kinyume. Tulimwaga mahindi juu, tukawasha, mama akasimama na beseni lake akingoja unga. Mashine ikanguruma robo saa, unga hakuna, mahindi yanarukaruka tu.

"Fundi," akaniambia, "hii yako inasaga ama inachezesha?"

Nikapanda nikageuza waya mbili, unga ukatoka. Lakini mpaka leo nikipita Sondu kuna watu wananiuliza kama mahindi yamemaliza kucheza.

Basi rangi zikabadilishwa. Waya mpya zilipoanza kujaa madukani, moto ukawa kahawia, nyeusi na kijivu. Ya kurudisha ikawa ya buluu. Soma tena polepole. Buluu iliyokuwa moto ikawa pole, haina moto, na nyeusi iliyokuwa pole ikawa moto. Sardar aliletewa roli la kwanza la waya hizo, akalifungua mezani, akalitazama sana. Akasema, "Hawa watu wataua mafundi." Hakuishi kuona akithibitishwa, aliaga kwa ugonjwa wa sukari.

Macho yetu yalizoea waya mpya. Mdomo haukuzoea. Mpaka leo nenda popote wanapofunga nyumba hapa Kisumu, utasikia fundi juu ya ngazi anaitisha, "Nipe nyeusi," na aliye chini anampa ya buluu, na wote wawili wanaelewana. Kwetu nyeusi si rangi tena. Ni jina la waya isiyo na moto. Hatari ni siku utakapokutana na mtu ambaye mkono wake umebaki nyuma pamoja na mdomo.

Mimi nilikuwa nafanya kazi bila leseni, kama wengi. Lakini siku hizi nyumba haiwekewi mita mpaka mwenye leseni atie sahihi. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye karatasi, namfungia nyumba wiki nzima, yeye anakuja kusaini akiwa bado amekaa kwenye pikipiki. Siku moja nikamwambia, "Shuka basi ufungue hata boksi moja uone." Akaniambia, "Mzee, si naamini kazi yako?" Jina lililobaki kwenye karatasi likawa lake. Kazi ya miaka yangu yote, kutoka Obunga mpaka Sondu, haina jina langu mahali popote. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Otieno, kwa wino, chini ya kazi ya Otieno.

Nikajiandikisha kwa mtihani. Kituo kilikuwa na masomo ya Jumamosi, na mwalimu alikuwa Ogutu. Kitabu alichotupatia kilikuwa fotokopi ya fotokopi. Ukurasa wa rangi za waya, rangi zote ni kijivu. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hapa nyeusi ni ya moto ama ni ya zamani?"

"Mzee, nyeusi ni nyeusi. Usituchanganyie watoto."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningejua, ningesimama juu ya dawati niulize mpaka ajibu.

Nyumbani alinifundisha Akinyi. Alikata nyuzi za sweta akazifunga kwenye vidole vyangu: kahawia, nyeusi, kijivu, na ya buluu kwenye kidole kidogo. Napika chai, anashika kidole, "Hii?" Nafunga viatu, "Na hii?" Nikikosea ananichapa kofi la begani. Wiki ya mwisho nilikuwa nakosea zaidi kuliko ya kwanza. Ya zamani na ya sasa zilipandana kichwani. Nilienda kununua chumvi nikasimama dukani nikitazama pakiti za buluu, nikisema kimoyomoyo, hii ni pole, hii ni pole, na muuzaji ananiuliza, "Baba Akinyi, uko sawa?" Karatasi ya maswali ilipokuja niliandika kila rangi vizuri nikapita. Ukabaki mtihani wa vitendo.

Asubuhi ya vitendo nilitembea kwa miguu kutoka Obunga, nyuzi bado ziko vidoleni. Mlangoni walitunyang'anya simu na vifaa. Nikatoa taa yangu ya Sardar, mlinzi akamwita mkuu wa kituo, Madam Roselyne.

"Hii ni nini?"

"Taa ya kupimia, Madam."

"Ni balbu na waya. Hapa si kiosk. Tumia vifaa vya kituo."

Vifaa vya kituo vilikuwa tester moja, ile ya bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini. Moja, ya watu kumi na wawili, inapokezanwa meza hadi meza.

Tuliketi nje kwenye benchi, mimi nambari kumi na moja. Jinsi watu walivyokuwa wanapungua, ndivyo nilivyokuwa naenda choo. Kwenye meza ya nne kulikuwa na mota isiyozunguka. Kazi ni kutafuta kosa na kulirekebisha. Kosa la kupimiwa lilikuwa limetegwa kwenye stata, kile kiboksi cha kuwashia mota. Ndani ya stata kuna koili ndogo inayovuta swichi. Mercy alitoka huko akinuka moshi. Akakaa karibu nami.

"Wamenifelisha, Baba. Nimebonyeza tu kitufe, nikasikia tss. Koili imeungua."

"Umebadilisha nini kabla ya kubonyeza?"

"Sijagusa kitu. Hiyo ni koili ya pili leo. Wafula anasema tunaharibu mali ya kituo. Ogutu ameweka nyingine."

Sasa nawaomba mfikirie, nyinyi mnaosoma. Koili ile inataka waya moja ya moto na moja ya kurudisha. Haiungui hivi hivi kwa kubonyezwa. Inaungua ikipata nguvu inayoizidi, na itaipata wapi? Ikipewa moto pande zote mbili. Yaani mahali ambapo panapaswa kuwa na waya pole, pana waya ya moto. Mawazo yangu yalikuwa yamefika hapo hapo. Nilikuwa nimeshaanza kutazama uzi mweusi kwenye kidole changu. Mlango ukafunguliwa.

"Kumi na moja."

Wazo lile likaanguka kwenye benchi, nikaingia bila hilo. Hiyo ndiyo hofu ya mtihani. Hainyang'anyi unachojua, inakikata katikati.

Meza ya nne. Bwana Wafula, karatasi. Ogutu, pembeni, mikono kifuani. Mlango wa karakana ya kituo ulikuwa wazi na Mercy amesimama pale, anataka kuona kosa lilikuwa wapi. Nikauliza, "Umeme umezimwa?" Tayari nilikuwa nimemuuliza mtu.

"Nimezima," Ogutu akasema, akanionyesha swichi ya bodi iko chini. Ilikuwa chini kweli.

"Nianzie wapi?"

Wafula akatazama saa. "Wenzako wote wamepoteza wakati. Fungua waya hapo kwa stata uzipange upya. Una dakika tatu."

"Anza na nyeusi," Ogutu akasema. "Hiyo haina neno."

Nikasimama. "Nyeusi gani? Nyeusi ya rangi, ama nyeusi ya kurudisha?"

Ogutu akamtazama Wafula, wakatabasamu. "Mzee, wewe ni fundi ama ni mwanafunzi? Nyeusi ni nyeusi."

Nikachukua tester, nikaigusisha kwenye nyeusi. Taa haikuwaka. Na hapa nabeba langu: sikuipeleka kwanza mahali penye moto kuona kama iko hai, kumbe ilikuwa imekufa. Ningeomba dakika moja nirudi meza ya tatu niijaribu kwenye moto. Nilimwona Wafula anaandika kitu nikadhani ananikata maksi. Nikalegeza skrubu. Mkono wa kushoto uliegemea fremu ya chuma, na Sardar hayupo kuchapa kiwiko. Nikashika nyeusi kwa vidole, kwa kiganja, niivute.

Yaliyofuata mmeyasoma mwanzoni.

Walipokuwa wananibeba, Mercy alifanya kitu ambacho hakuna mtahini aliyekifanya. Alizunguka nyuma ya bodi akaangalia. Hakuwa na simu, ilikuwa mlangoni, kwa hivyo akachora nyuma ya karatasi yake ya kufeli. Mchoro ninao. Waya zilikuwa mpya, kahawia, nyeusi, kijivu na buluu. Aliyezifunga amezipanga kwa rangi za zamani. Kahawia, kijivu na buluu zimepita kwenye swichi. Nyeusi haikupita kwenye swichi. Imeenda moja kwa moja mahali pa nyutro. Kwa hivyo ukizima, unazima zote isipokuwa hiyo moja, na hiyo moja ni moto usiku na mchana. Ndiyo maana mota ilikuwa haizunguki hata kabla ya kosa lao la kutegwa. Ndiyo maana koili mbili ziliungua. Kosa la kweli la meza ya nne halikuwa la wanafunzi kulitafuta.

Nilikaa hospitali wiki tatu. Mercy alikuja na ndizi mbivu na ule mchoro. Nilimwambia erokamano, asante, akalia, akasema angejua kuzima swichi kubwa angefanya haraka zaidi. Nikamwambia hata mwenye ufunguo hakujua uko wapi.

Nilipotoka nilienda kituoni na mkono umefungwa. Bodi haikuwepo. Ogutu alisema ilikuwa kuukuu, imevunjwa. Nikamuuliza waya ziko wapi. Akasema, "Mzee, shukuru Mungu uko hai." Wafula alisema yeye ni wa kutahini, si wa kufunga bodi. Nikamuuliza, "Koili ya kwanza iliungua, ukaandika mwanafunzi amefeli. Ya pili iliungua, ukaandika tena. Hukujiuliza?" Akasema ana kikao. Madam Roselyne alinipa bahasha. Ndani limeandikwa jina langu, kwa wino, kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya umeme: Otieno, mtahiniwa hakufuata maagizo ya usalama, ameshindwa.

Karatasi ile niliisoma nimesimama getini. Hakufuata maagizo. Maagizo yalikuwa nianze na nyeusi. Niliyafuata.

Vijana, nendeni mkafanye mtihani. Sisemi msiende. Jina lako chini ya kazi yako ni kitu kikubwa, ndiyo maana nilienda. Lakini ingieni na swali mdomoni na msilimeze kwa sababu mtu ana kalamu. Mtu akisema nyeusi, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Tester ukipewa, ijaribu kwanza, hata kama saa inakimbia, hata wakikucheka. Mkono mmoja mfukoni. Kufeli unarudia. Mimi leo siwezi kurudia, kwa sababu mtihani unataka mikono miwili.

Na kwa hao watatu nina langu. Sitaki ndizi, sitaki pole. Nataka karatasi ya Mercy ifutwe, na ya kijana yule wa koili ya kwanza, na yangu isomeke kilichotokea. Nataka mtihani mmoja ufanywe mchana, mlango ukiwa wazi, mafundi wote wa Kisumu wakiwa wamekaa kwenye lile benchi. Madam Roselyne aeleze kwa nini taa yangu ilibaki mlangoni na bodi ikavunjwa kabla mimi sijatoka hospitali. Bwana Wafula ashike kalamu yake aandike majibu, safari hii ya watu wake. Ogutu asimame meza ya nne. Mchoro wa Mercy nitauweka mbele yake, na swali litakuwa moja tu, lile nililomuuliza darasani na tena siku ile. Dakika tatu nampa, na nyingine tatu akitaka.

Ogutu, nyeusi ilikuwa nini?